Huduma ya limfoma (saratani ya mfumo wa limfu) ya kifua: tathmini ya ndugu wa mgonjwa

Mdogo wangu wa kike, mwenye umri wa miaka 31, alitibiwa kifua kikuu kwa miezi miwili katika kituo ambacho sitakitaja, ingawa makohozi yake hayakuonyesha vimelea hata mara moja, huku uso ukizidi kuvimba kila asubuhi na mishipa ya shingo ikisimama kama kamba. Katika hospitali ya rufaa, daktari alimtazama shingo kabla ya kufungua faili, akaagiza picha ya CT siku hiyohiyo: uvimbe ulikuwa nyuma ya mfupa wa kidari, ukiubana mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni kutoka kichwani na mikononi.

Ninachokisifu zaidi ni kwamba hawakukimbilia dawa. Walichukua kipande kidogo cha uvimbe kwa sindano nene, kwa sababu sindano nyembamba hutoa seli chache zisizotosha kutambua aina ya limfoma, wakakipima alama za CD20 na CD30 (protini zilizo juu ya seli), ndipo wakathibitisha limfoma ya seli B kubwa ya kifuani (seli B ni aina ya chembe nyeupe za damu), ambayo huwapata hasa wanawake vijana. Majibu yalichukua siku 19. Kwa uvimbe unaokua kwa kasi namna hiyo, huko ni kuchelewa mno.

Alipewa mizunguko sita ya rituksimabu, dawa ya kingamwili inayolenga CD20, na tibakemikali iliyodondoshwa mfululizo kwa saa 96, mpango ambao katika utafiti wa Marekani wa mwaka 2013, uliohusisha wagonjwa 51, uliwawezesha karibu wote kupona bila mionzi. Muuguzi wa zamu ya usiku hakuacha kuukagua mrija.