Pafta za zamani za Balkani: uzoefu wangu wa kununua dukani Skopje na kununua onlaini

Mimi wa Unguja ila naishi Ujerumani, na ugonjwa wangu ni mapambo ya fedha ya zamani ya Balkani, yale ya enzi za Waturuki wa Ottoman, hasa pafta. Kwa asiyezijua, pafta ni vile vifungo viwili vikubwa vya mkanda wa bi harusi, kimoja kulia kimoja kushoto vinakutana kiunoni, vingine vina umbo la jani, vingine duara, vingine wamebandika gamba la chaza wakachonga humo watakatifu wa Kikristo maana kule waliovaa walikuwa Waislamu na Wakristo pia.

Pea yangu niipendayo zaidi nimenunua kwenye soko la kale la Skopje, Macedonia Kaskazini, kwenye vichochoro vya masonara. Mzee mwenye duka hana maneno mengi, akanipa lenzi akaniambia geuza, angalia nyuma. Na kweli nyuma ndo kila kitu jamani, mbele hata kitu cha juzi kinapendeza. Nyuma ya pafta ya zamani utaona lehemu za mkono zisizo sawa, nyuzi nyembamba hapa nene pale, sehemu zilizolika kwa kusuguana na nguo miaka na miaka, na mara nyingi kuna kiraka cha fundi wa baadae. Yangu mzee alinionesha mwenyewe kwamba kijiti cha katikati sio cha asili, kimebadilishwa, akapunguza bei bila hata sijaomba. Nikatoa euro 180, kwangu mimi ni bei ya haki.

Sasa ya mtandaoni. Muuzaji simtaji, aliandika "karne ya 18, fedha", picha za mbele tupu, nikaomba za nyuma akaleta moja ina giza. Bei ilikuwa rahisi nikasema acha ije tuione. Imefika, imemiminwa kwenye kalibu, ina vitundu vidogo vidogo vya hewa, weusi umepakwa sawasawa kwenye mashimo yote wakati kitu kilichovaliwa weusi wake unaisha kule kunakoguswa. Nikampelekea sonara akakwaruza na kuweka asidi, sio fedha, ni alpaka, yaani mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki unaofanana na fedha. Na hapa niseme wale wanaosema tumia sumaku, sumaku hainati kwenye fedha lakini pia hainati kwenye shaba wala kwenye hiyo alpaka ya kawaida, kwa hiyo sumaku itakukamatia chuma tu basi. Pesa nilirudishiwa, ila posta ya kurudisha mzigo nimelipa mimi. Nyota mbili, na ya pili ni kwa vile hakubishana.

Alama nazo zisikutie wazimu. Fedha ya mjini mara nyingi imegongwa tughra, ile saini ya sultani ya herufi zilizosukwa, ya vijijini haina kitu na bado ni ya zamani kabisa, na mihuri yenyewe inaghushiwa.

Kwenye vidani vya sarafu sisi tuliopita chuoni kusoma Kurani tuna bahati, herufi ni za Kiarabu unasoma mwenyewe. Ila angalia mwaka, kwenye sarafu nyingi za Ottoman za karne ya 19 ule wa Hijria uliopo ni mwaka sultani alioshika kiti, sio mwaka sarafu iliyopigwa. 1255 ni Abdülmecid, 1277 Abdülaziz, 1293 Abdülhamid wa pili, halafu kuna namba nyingine ndogo ya mwaka wa utawala wake, unajumlisha halafu unatoa moja ndo unapata. Na utakuta reale ya Maria Theresa, sarafu ya fedha ya Austria, ndio, ile ile waliyokuwa wakifanyia biashara Unguja na Oman. Isikubabaishe kwa kuandikwa 1780, wameendelea kuipiga kwa mwaka huo huo hadi leo, gramu 28 na fedha yake ni 833 kwa 1000, kwa hiyo ni fedha kweli lakini haikwambii kidani kina umri gani.

Ukipita Prizren, Kosovo, nunua hereni mpya za nyuzi za fedha, mafundi wapo na kazi yao ni safi, mi ninazo navaa kila siku. Nunua kama mpya, kwa bei ya mpya.

Duka la Skopje nalipa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya risiti, mzee alitaka kuniandikia "pambo" na bei tu, nikambembeleza mpaka akaandika ni kitu gani, cha fedha, uzito wake na tarehe. Nchi za kule zina sheria kali za mali za kale kutoka nje, kwa hiyo kabla hujalipa uliza kama hicho kitu kinahitaji kibali, na karatasi zako ziweke kwenye begi la mkononi sio kwenye sanduku.