Siku 10 za Vipassana kwa mtindo wa Goenka: mambo ya kujua kabla ya kujaza fomu

S.N. Goenka, mwalimu aliyeeneza kozi hizi za Vipassana, yaani kutafakari kwa Kibuddha kwa kutazama hisia za mwili, alizaliwa Mandalay, Burma (sasa Myanmar), mwaka 1924, kwenye familia ya wafanyabiashara wenye asili ya India. Alishika mali mapema, na kipandauso kikali nacho kikamshika hadi akawa anachomwa mofini. Madaktari wa Ulaya, Marekani na Japani hawakumponya. Mwaka 1955 akamwendea U Ba Khin, Mhasibu Mkuu wa Serikali aliyekuwa pia mwalimu wa kutafakari. Mzee huyo alisita kumpokea, kwani hakutaka mtu aje kwa ajili ya kichwa tu. Goenka alikaa kwenye mafunzo miaka 14, kisha mwaka 1969 akahamia India kufundisha. Alifariki mwaka 2013, lakini hadi leo kozi inaendeshwa kwa sauti yake iliyorekodiwa.

Sharti la U Ba Khin bado lina maana: anayekwenda kutafuta tiba ya maumivu fulani huishia kuyapima maumivu hayo kila saa, na kazi yenyewe haifanyiki.

Nayo ni kazi kwelikweli. Kengele hulia saa 10 alfajiri, na mtu hukaa kutafakari takriban saa 10 kwa siku. Simu, vitabu na kalamu vinawekwa pembeni, na hakuna kuzungumza na wenzako. Chakula cha mchana, kisicho na nyama, ni saa 5. Kuleni vizuri hapo, maana saa 11 jioni mwanafunzi mpya hupata matunda na chai tu.

Siku 3 za kwanza ni kuitazama pumzi puani na juu ya mdomo. Wengi huharibu hapa kwa kuvuta pumzi kama mazoezi. Iacheni iende yenyewe. Akili ikipotea sana, pumueni kwa nguvu kidogo mara chache, kisha iacheni tena. Siku ya 4 ndipo Vipassana huanza: unapita mwilini kipande kwa kipande, utosini hadi vidoleni, ukitazama joto, mwasho, uzito au ganzi bila kuvipenda wala kuvichukia. Sehemu isiyohisi kitu, subiri kama dakika moja, usonge mbele. Kosa kubwa zaidi huja baadaye: mtu anapata msisimko mtamu mwili mzima, kesho yake anaukimbiza, haurudi, anakata tamaa. Goenka analikemea hilo waziwazi, na yuko sahihi.

Udhaifu upo. Walimu wasaidizi hujibu maswali kwa ufupi tu, na wao si madaktari wa akili. Mwenye historia ya ugonjwa wa akili aiandike yote kwenye fomu, hata kama atakataliwa. Kozi hujitangaza kuwa si ya dini, lakini ufunguzi una maneno ya kumkimbilia Buddha, na kwa siku zote 10 unaombwa usitishe sala, kufunga na tasbihi. Mwislamu wa swala tano alijue hili kabla ya kukata tiketi. Sisi tunaona lingepaswa kusemwa kwa sauti zaidi.

Ada hakuna, na mchango hupokelewa tu kwa aliyemaliza siku 10. Kusini mwa Afrika kuna kituo cha Dhamma Pataka, Worcester, Afrika Kusini. Ukimya hufunguliwa asubuhi ya siku ya 10, ila kozi hufungwa asubuhi ya siku ya 11, kwa hiyo msikate tiketi ya kurudi kabla ya hapo.