Forum des Halles, Paris: sifa ziende kwenye milango, si kwenye paa

Kituo cha maduka cha Forum des Halles kilifunguliwa mwaka 1979, kikachimbwa ardhini palipokuwa soko kuu la chakula la Paris kabla halijahamishiwa Rungis, nje kidogo ya jiji. Kufikia miaka ya 2000 kilikuwa kimechakaa, na kutoka humo bila kupotea ilikuwa kazi. Ukarabati wa eneo zima uligharimu takriban euro bilioni 1, maduka yakiendelea kuuza muda wote.

Wengi wanakuja kutazama paa, Canopée ya wasanifu majengo Patrick Berger na Jacques Anziutti, iliyozinduliwa Aprili 2016: tani 7,000 za chuma, vioo kama 18,000, mita 96 bila nguzo katikati. Pichani linapendeza. Ukiwa chini yake, ile njano yake iliyopauka inalifanya lionekane zito, tena chafu. Vioo vimelaliana kama vigae na kuachiwa mianya ili hewa ipite, na mianya hiyohiyo ndiyo inayoingiza mvua ikija na upepo; mwaka uleule wa uzinduzi watu walishaanza kulalamikia matone. Mvua ikinyesha, usipange kukutana na mtu katikati ya uwanja. Mkutane pembeni, mbele ya maduka.

Kilichofanyika vizuri kweli ni njia. Ukishuka kwenye treni za RER (zinazounganisha Paris na vitongoji vyake) za A, B au D na unataka kufika juu, fuata kibao cha Porte Lescot: ngazi za umeme pana zinakutoa hadi chini ya paa. Place Carrée, ghorofa ya -3, ni ya wanaokwenda sinema ya UGC yenye kumbi 27, bwawa la kuogelea au Forum des images, kituo cha filamu. Kumbuka ghorofa zinahesabiwa kwenda chini. -1 ndiyo iliyo karibu na barabara. Saa 12 jioni wanunuzi na wanaobadilisha treni wanabanana hapo, kwa hiyo mkoba uuvute mbele.

Jina rasmi tangu 2019 ni Westfield Forum des Halles, baada ya Unibail-Rodamco, kampuni inayomiliki maduka hayo, kuinunua Westfield, kampuni ya vituo vya maduka, mwaka 2018. Wenyeji bado wanasema Les Halles tu, na maduka ni yaleyale ya kila jiji. Kwangu mimi, cha kukufikisha huko ni maktaba iliyo chini ya Canopée: kuingia ni bure, na humo mvua haikupati.