Kengele waliiweka upande uliopooza

Anayetaka kujua habari za piano ya mapokezi, saluni, bustani na televisheni kubwa, asome vipeperushi vya nyumba hii ya uuguzi. Hawakudanganya, vyote vipo. Mimi nazungumzia kengele ya mgonjwa ya kuitia manesi.

Shangazi yangu alipata kiharusi mwaka jana hapa Houston, Texas. Mkono na mguu wa kushoto vikapooza. Alipotoka hospitali akahamishiwa kwenye nyumba hii ya uuguzi na mazoezi ya viungo, ya kukaa hadi apate nguvu za kurudi nyumbani. Kwenye tovuti ya Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa wazee, nyumba hiyo ina nyota 4 kati ya 5.

Jioni moja nikapita kumwona nikitoka kazini. Harufu ilinipokea mlangoni. Shangazi analia, kimya kimya, uso kaugeuzia ukutani. Waya wa kengele ya kuitia manesi ulikuwa umebanwa kwenye shuka upande wa kushoto, pale begani, bega ambalo hata ukilifinya hasikii kitu. Mkono wa kulia umechoka kwa kuparamia huo waya asiufikie. Na juu ya kichwa chake kuna karatasi, wameiandika wao wenyewe kwa herufi kubwa, kwamba upande wa kushoto haufanyi kazi!

Nikaenda kwenye meza ya manesi. Nesi wa zamu hakuinua hata macho. Akanijibu, "Amevaa pampasi. Ajisaidie humo, tutambadilisha tukimfikia."

Haja zake Shangazi alikuwa anazijua na anaweza kuzizuia. Alichohitaji ni mtu wa kumshika ule mkanda wa kiunoni wa kumtembezea mgonjwa, hatua chache hadi chooni. Sasa nisikilizeni: huyu mama amewaogesha na kuwageuza wazee wa watu katika nyumba kama hizi mpaka akastaafu. Alikuwa akitufundisha nyumbani kwamba mgonjwa asiyejiweza usimwache upande mmoja, mgeuze kila baada ya saa 2, ngozi isije ikaoza. Kodi ya Medicare alikatwa kwenye mshahara wake miaka yote hiyo. Leo zamu yake imefika, anaambiwa ajisaidie kitandani.

Nilimsafisha mwenyewe. Sitasahau alivyokuwa ananiomba radhi.

Lazima nimtendee haki mtaalamu wao wa viungo. Yule kijana ana kipaji. Anampigia Shangazi magoti, anamwekea mguu sawa, anamwambia apande ngazi, na hamwachii hadi apande. Siku Shangazi aliposimama kati ya zile nguzo mbili za chuma bila kushikwa, mimi nilipiga vigelegele ukumbi mzima ukageuka. Na yule dada anayefundisha wagonjwa kumeza, ambao maji mepesi huwapalia, alikubali niwe naleta uji wa ulezi. Akauonja, akaupima uzito kwa kijiko, akasema huu unafaa kuliko vinywaji vyao vya unga. Kwa hao wawili nilikuwa tayari kutoa nyota 5.

Kisha narudi kesho yake, kengele iko kushoto tena.

Nilimbana msaidizi wa usiku, mama mmoja wa Kikongo, nikamwuliza kwa Kiswahili kulikoni. Akashusha sauti: "Dada, usiku huu tuko wawili kwa korido nzima." Miguu yake imevimba. Hasira zangu kwake zikaisha palepale, zikahamia kwa wenye nyumba. Mwaka 2024 serikali ya shirikisho ilitoa kanuni kwamba kila mkaazi apate angalau saa 3.48 za uangalizi kwa siku. Wenye nyumba hizi wakaenda mahakamani, na mwaka 2025 jaji wa hapahapa Texas akaitengua. Pesa za piano zilipatikana, za mtu wa tatu wa usiku hazikupatikana.

Medicare hulipa siku 20 za mwanzo zote, kuanzia ya 21 hadi ya 100 mgonjwa anachangia. Mtu wa mahesabu alikuja chumbani mapema kabisa kutukumbusha hilo. Kwa kengele hakuna aliyekuja, mpaka nilipompigia mtetezi wa wakazi wa nyumba za uuguzi. Kila jimbo lina ofisi yake, namba imebandikwa ukutani karibu na mapokezi, itafuteni. Alipofika yeye, kengele ilihamia kulia siku ileile na haikurudi tena kushoto. Kumbe iliwezekana tangu mwanzo!

Nilipoanza kuandika nilikusudia nyota 3, kwa sababu Shangazi sasa anatembea na fimbo na miguu hiyo amerudishiwa pale. Nikikumbuka alivyoniomba radhi, naweka 1. Ukiwa na mgonjwa wa kiharusi na yule kijana wa viungo bado yupo, mpeleke. Ila usiku alale naye mtu wa kwenu.