TAHADHARI kwa wenye skuta: taa iliyopinda inasetiwa kwa bisibisi, msikubali kuuziwa taa nzima

Wakuu, habari za muda huu. Kwa wote wenye skuta hapa Dar, hasa mnaotoka alfajiri au kurudi usiku, kuna mchezo wanafanyiwa watu kwenye duka moja la spea Kariakoo. Jina la duka silitaji. Ninachotaka ni muujue mchezo wenyewe, kwa sababu mtu yeyote mwenye bisibisi anaweza kukufanyia, popote ulipo.

Unaenda na shida ndogo tu. Taa ya mbele inamulika juu kwenye matawi ya miti, au imeinama inamulika tairi. Fundi anayekaa nje ya duka anafungua kava, anaingiza bisibisi, anazungusha, na wewe unaona anakusetia. Kumbe anaifungua ile skrubu ya kusetia mpaka inatoka kwenye uzi wake, springi inachomoka, taa yote inalegea. Kisha anaitikisa mbele ya macho yako: "Dada, unaona? Hii imekatika, haisetiki tena." Mwenye duka naye ameshashusha boksi kutoka kwenye shelfu.

Wifi yangu ndivyo walivyompiga. Anapeleka vitafunwa kwa wateja wake, saa kumi na moja alfajiri yuko barabarani kutokea Chanika, kwenye vipande ambavyo havina taa za barabarani. Skuta yake ilianguka uani ikiwa imepaki, taa ikageuka kuangalia juu, basi. Wakamtoza 85,000 ya taa na 15,000 ya ufundi, risiti hakupewa, na taa ya zamani wakabaki nayo.

Kesho yake tulienda pamoja nikaidai ile ya zamani. Kwanza wakasema imetupwa. Nilipokataa kuondoka ikatolewa chini ya kaunta, imeshafutwa vumbi vizuri na kuwekwa ndani ya boksi la taa nyingine, tayari kwa mteja mwingine. Niliishika pale pale dukani: masikio yake yote ya kufungia mazima, kioo hakina ufa, reflekta (lile bakuli la ndani linalorudisha mwanga mbele) inang'aa, na springi na skrubu zimefungwa pembeni kwenye kimfuko cha nailoni. Hakuna kilichokatika. Hela ya taa waliirudisha baada ya watu kuanza kusogea kusikiliza, ya ufundi wakagoma. Wifi alinyang'anywa mauzo ya siku kadhaa kwa kazi ya bisibisi, na hilo limeniuma sana.

Na hiyo taa waliyomwekea ilikuwa mbaya kuliko ile iliyopinda. Njia nzima magari yalikuwa yanampigia fulu kumwambia ashushe taa, wakati yeye yuko kwenye dimu. Niliiwasha ukutani nikaona kwa nini. Ilikuwa na balbu ya LED ya bei rahisi. Reflekta ya taa ya skuta imechongwa kwa kufuata mahali uzi wa balbu ya kawaida unapokaa. Ukiweka LED ambayo vitaa vyake havikukaa mahali pale pale, mwanga unatawanyika kila upande, ule mstari unaotenganisha mwanga na giza unapotea, na hakuna skrubu itakayourudisha. Wewe unaona weupe mwingi karibu yako, anayekuja mbele haoni kitu.

Kitu kingine cha kuangalia: sisi Tanzania, kama Kenya na Uganda, tunaendesha kushoto. Baadhi ya taa za dimu zimeundwa mwanga wake uinuke kidogo upande wa kando ya barabara, ili uwaone watembea kwa miguu na mashimo, na ubaki chini upande wa wanaokuja. Kwetu unatakiwa uinuke kushoto. Taa ya aina hiyo iliyotengenezwa kwa nchi zinazoendesha kulia, kama Rwanda, Burundi au Kongo, inainuka kulia, yaani moja kwa moja kwenye macho ya dereva anayekuja. Ukiseti utashusha mwanga wote tu, upande hautabadilika. Kabla ya kulipa, iwashe ukutani dukani uone unainuka wapi.

Sasa jinsi ya kuseti mwenyewe, wala usiogope. Jaza upepo kwenye matairi kama kawaida, simamisha skuta mahali tambarare ikitazama ukuta, umbali wa mita 5 kutoka kwenye taa mpaka ukutani. Usitumie stendi kubwa, inabadilisha mlalo. Mtu akae juu, skuta iwe wima. Na hapa wafanyabiashara sikilizeni vizuri: wekeni na mzigo mnaoubeba kila siku. Beseni na ndoo za vitafunwa zikikaa nyuma, shokapu ya nyuma inabonyea, pua ya skuta inainuka na taa inainuka nayo. Wifi angesetiwa bila mzigo angeendelea kuwapofusha watu kila alfajiri.

Pima kwa tepu kutoka chini mpaka katikati ya taa, uweke alama ya urefu huo huo ukutani kwa chaki. Chini yake sentimita 5 chora mstari mwingine. Washa dimu, siyo fulu. Ukingo wa juu wa mwanga ukae kwenye mstari wa chini. Skrubu ya kusetia kwenye skuta nyingi ipo chini ya taa, unaifikia kwa tundu dogo kwenye kava au kwa nyuma, na ni ya bisibisi ya nyota. Nyingine zina bolti ya spana ndogo. Zungusha kidogo, angalia ukuta, zungusha tena. Kila modeli ina upande wake wa kupandisha, ukuta ndio utakuonyesha. Ukihisi skrubu imekuwa nyepesi sana, simama, unakaribia kuichomoa.

Hizo sentimita 5 zina maana yake. Taa iliyo sentimita 80 kutoka chini, ikishuka sentimita 5 katika mita 5, mwanga wake unafika mita 80 mbele. Ikishuka sentimita 25 kwenye ukuta ule ule, inafika mita 16 tu. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa unakwenda karibu mita 14 kila sekunde, kwa hiyo shimo unaliona ikiwa imebaki sekunde moja na kidogo.

Kabla hata ya skrubu, angalia balbu imekaaje. Zile za aina ya HS1, zilizo kwenye skuta nyingi, zina masikio matatu na moja ni pana kuliko mengine. Ikiwa mtu aliibadilisha akaibandika isiingie sawasawa kwenye nafasi zake, mwanga unakwenda ovyo na utaseti mpaka uchoke. Hapo hapo kuna mtego mwingine: utaambiwa "tukuwekee yenye nguvu", wanakupa H4. Inaingia, ndiyo, lakini HS1 ni wati 35 na H4 ni wati 55 kwenye dimu na 60 kwenye fulu. Soketi na reflekta ya plastiki havikuundwa kwa joto hilo, na betri ndogo ya skuta inaelemewa.

Taa nzima inabadilishwa masikio yake ya kufungia yakivunjika kweli, reflekta ikibabuka ule ung'avu wake, au kioo kikipasuka maji yakaingia. Hivyo vyote vinaonekana kwa macho, mwambie fundi akuonyeshe kwa kidole ni wapi.

Ukienda kwa fundi, piga picha ya taa kabla hajaigusa. Simama pale pale anapofungua, usikubali kwenda kukaa kwenye benchi. Akisema imekatika, ishike mwenyewe, uliza skrubu na springi ziko wapi. Taa ya zamani ni mali yako, ondoka nayo hata kama umenunua mpya. Dai risiti ya EFD iliyoandikwa kifaa ulichonunua, na boksi lake usilitupe. Ukigundua ni feki, vitu hivyo viwili pamoja na taa yenyewe ndivyo utakavyobeba kwenda kulalamika Tume ya Ushindani, FCC, ambao kazi ya bidhaa bandia ni yao.