Surface Go 2 ndani ya Linux: kibodi ikibaki nyumbani, umefungiwa nje

Assalaam aleikum, hamjambo nyote, karibuni. Leo mezani kuna hii. Nembo ya nyuma isiwababaishe. Ni Surface Go 2, tableti ya Microsoft ya mwaka 2020, mtumba wa Uingereza, ila ndani Windows hakuna hata chembe. Ni Fedora tupu, aina moja ya mfumo wa Linux. Na mimi nayo tumegombana na tukapatana kutwa nzima kwa sababu ya kitu kimoja tu, hii kibodi.

Tazameni. Tak! Imeshika. Naivuta, imeng'oka. Tak, imeshika tena. Sumaku hii ina nguvu, wallahi, unaweza kuinua tableti kwa kushika kibodi, ingawa usifanye hivyo juu ya sakafu ya vigae. Ukiiegemeza mara ya pili kwenye ukingo wa skrini, inainuka mgongo kidogo na vidole vinakaa vizuri. Ukiitaka bapa, ivute chini.

Sifa zake wengi mnazijua, nitapita mbio. Inchi 10 na nusu, gramu 544 bila kibodi, haina feni, tundu la USB-C ni moja tu. Linalonishughulisha ni hili: kuna ya kumbukumbu (RAM) ya GB 4 yenye diski ya aina ya eMMC ya GB 64, na kuna ya GB 8 yenye diski ya SSD ya GB 128. Ya GB 4 msinunue. Kumbukumbu imeunganishwa moja kwa moja kwenye bodi, haiongezwi hata umpelekee fundi gani. Ukifungua Firefox na vijidirisha kumi, itaanza kusotasota kama tuktuk inayopanda daraja la Nyali na watu watano.

Kabla hujatoa pesa, uko mbele ya muuzaji, izime. Shikilia kitufe cha kuongeza sauti, bonyeza cha kuwasha, kile cha sauti usikiachie mpaka itokee menyu ya UEFI, ile programu ya ndani inayoamsha mashine kabla ya mfumo. Ikiomba paswadi hapo, rudisha, aga, ondoka. Hizi nyingi zilikuwa za maofisi, na paswadi ya UEFI haiondoki kwa kufuta diski. Hata ikifunguka, angalia kama inakuruhusu kubadilisha mipangilio. Ikikwambia inasimamiwa na shirika, ni yaleyale. Halafu iangalie kwa ubavu. Skrini imeinuka pembeni, hata unene wa kucha? Hiyo ni betri imevimba. Usiibonyeze irudi, usiichaji, usinunue. Skrini imegundishwa kwa gundi, na kuibandua bila kuivunja ni kazi ya fundi mwenye vifaa na subira.

Na kibodi, jamani. Kuna zinazofanana nayo kabisa, bei chini, lakini ni za Bluetooth. Mbili zikiwekwa mezani huzitofautishi. Njia ni hii: geuza upande wa sumaku utazame kama kuna vipini vidogo vya shaba vinavyogusana na tableti. Vipo, ni halisi, na ya Go yoyote, kuanzia ya kwanza hadi ya 4, inaingia. Hakuna vipini, ni ya Bluetooth, nayo kwa mtu wa Linux ni hasara. Kwa nini? Nakuja.

Kuweka mfumo. Usifute Windows kwa pupa. Kwanza iache ijisasishe mpaka iishe, maana programu ya ndani ya Surface, ile ya UEFI na vidhibiti, huja kwa Windows Update. Ukishahamia Linux usitarajie kuipata kwa urahisi. Chaji ifike asilimia 80, stima ikikatika katikati isiwe taabu. Tafuta fleshi ya GB 8 na hub ya USB-C, kile kigawanyi cha matundu. Pakua Fedora Workstation, ni zaidi ya GB 2, kwa hiyo tafuteni pahali penye Wai-Fai, bando la simu litalia. Linganisha namba ya sha256, alama ya kuonyesha faili ni zima, na ile ya kwenye tovuti yao. Dakika moja tu, msiiruke, faili lililokatika njiani huharibu kazi katikati. Kisha liandike kwenye fleshi kwa Fedora Media Writer.

Rudi UEFI, upande wa Security, Secure Boot, ulinzi unaoruhusu kuwaka mifumo yenye saini tu, iweke kwenye Microsoft & 3rd party CA. Wengine watakwambia uizime kabisa. La! Ukiizima utaona mstari mwekundu juu ya skrini kila ukiwasha, na ulinzi wenyewe umeuondoa. Fedora inawaka nayo vizuri. Halafu nenda Boot configuration, gusa jina la USB na ulitelezeshe kushoto, itawaka kutoka kwenye fleshi papo hapo.

Wakati wa kuchagua diski, fungua macho. Kwenye ile ya eMMC, diski ya ndani na kadi ya microSD zote huitwa mmcblk, tofauti ni tarakimu. Angalia ukubwa. Bora zaidi, ichomoe kadi kabla hujaanza. Kisha weka tiki kwenye kufunga diski kwa siri. Tiki hiyo lazima. Hiki ni kifaa cha kubeba mkononi, unapanda nacho matatu, unavuka nacho feri ya Likoni watu wamebanana. Siku kikipotea, kipotee chuma, faili zako zisisomeke.

Sasa ndipo ugomvi ulipo. Naing'oa kibodi, naiweka kule. Nawasha. Tazameni skrini... inaomba paswadi ya diski. Haya, nagusa. Nagusa tena. Natelezesha kutoka chini. Hakuna kibodi ya skrini, hakuna kitu! Mfumo wenyewe haujaamka bado, hii ni programu ndogo inayofungua diski tu, na kugusa haikujui. Kibodi halisi naibandika, tak, naandika, imepokea, maana ile hupita kwa njia ya USB. Ile ya Bluetooth hapa ni gogo, kwa sababu kuunganishwa kwa Bluetooth huja baada ya diski kufunguka. Umeona sasa? Mtu kanunua tableti, kaacha kibodi nyumbani Kisauni, yuko kazini Shimanzi, betri ikaisha ikazima. Mpaka jioni hana tableti. Huko postmarketOS, Linux ya simu na tableti, wana kibodi ya skrini ya hatua hii, unl0kr inaitwa, na Fedora kutokuja nayo kunaniudhi kweli.

Kuna dawa, ina masharti. Ndani mna chipu ya TPM, nayo inaweza kuushika ufunguo na kufungua diski yenyewe. Amri naiweka hapa chini, isimamisheni video:

sudo systemd-cryptenroll --tpm2-device=auto --tpm2-pcrs=7 /dev/nvme0n1p3

Hiyo p3 usiinakili kibubusa, angalia yako kwa amri ya lsblk -f, tafuta palipoandikwa crypto_LUKS. Itakuomba paswadi ya diski. Ukimaliza, fungua faili la /etc/crypttab, mwisho wa mstari wako ongeza mkato na tpm2-device=auto bila kuacha nafasi, halafu endesha sudo dracut -f, inayoijenga upya ile programu ndogo ya kufungua diski, uiwashe upya. Ikikataa, tengeneza faili ndani ya /etc/dracut.conf.d, jina lolote liishie na .conf, uandike add_dracutmodules+=" tpm2-tss " na zile nafasi zake mbili ndani ya alama, urudie dracut.

Masharti yenyewe ni haya. Paswadi ya zamani usiifute kamwe. Ukigusa Secure Boot, au ukaweka kerneli, yaani kiini cha mfumo, iliyotiwa saini na watu wengine, TPM itakataa, na ile paswadi ndiyo itakayokuokoa, tena kwa kibodi halisi. Jambo la pili, mwizi akiwasha, diski itafunguka yenyewe mpaka kwenye ukurasa wa kuingia. Kwa hiyo paswadi ya kuingia isiwe 1234, na ile Automatic Login kwenye mipangilio ya watumiaji ibaki imezimwa. Anayebeba siri za watu, wakili, daktari, mhasibu, aachane na njia hii, abebe kibodi yake. Gramu zenyewe hazifiki 250.

Nilisema kerneli. Kugusa, Wai-Fai, sauti na kuzungusha skrini vyote vinakwenda na kerneli ya kawaida ya Fedora. Ipo nyingine ya mradi wa linux-surface, wengi huifuata kwa ajili ya kamera. Ukiitaka, itangulize, TPM ifuate. Baada ya kuweka kifurushi chao cha surface-secureboot na kuwasha upya, itatokea skrini ya buluu ya kusajili ufunguo wa saini yao: Enroll MOK, Continue, Yes, kisha paswadi ni surface, herufi ndogo. Na hapo pia, nani anahitajika? Kibodi. Kamera yenyewe msiitegemee kwa mikutano, tumieni simu.

Mfumo ukishaamka, mambo hugeuka, hapa ndipo ninapoipenda. Tazama, naing'oa, nagusa pa kuandikia, kibodi ya skrini imepanda. Nairudisha, imejificha. Lakini ukiikunja tu nyuma ya tableti bila kuing'oa, mfumo unaweza kudhani bado unaandikia, na kibodi ya skrini isije. Ing'oe kabisa. Na Chrome na jamaa zake mara nyingi hawaiiti. Telezesha kidole kutoka ukingo wa chini wa skrini, itapanda. Firefox haina kiburi hicho.

Kuna mtu aliuliza kuhusu PineTab2, tableti tuliyoitaja video iliyopita. Ile imezaliwa Linux, kibodi yake inakuja nayo, lakini ilianza kuuzwa 2023 Wai-Fai haina hata kiendeshi, na chipu yake ya RK3566 ni ya mwendo wa pole. StarLite ya Star Labs ni nzuri zaidi ya zote, inchi 12 na nusu, lakini ukishalipia usafiri na VAT ya asilimia 16 bandarini, utakaa chini. Hii ya mtumba, ya GB 8, na kibodi halisi na chaja, mimi mwisho wangu wa kupatana ni shilingi 25,000. Akikwambia kibodi ni pesa mbali, mwambie basi ni tableti ya kutazamia.

Usalama wa mtandaoni. Hili wengi hawalijui: ukuta wa moto (firewall) wa Fedora Workstation, ule wa kuzuia wageni wa mtandaoni, katika eneo lake la kawaida, umeacha wazi milango ya mtandao (port) yote kuanzia 1025 hadi 65535. Nyumbani sawa. Kwenye Wai-Fai ya mkahawa au hoteli, hapana. Amri ni hii:

sudo firewall-cmd --set-default-zone=public

Na mkitumia hotspoti ya simu, ingieni mipangilio ya mtandao huo muwashe Metered Connection, ama masasisho yatakula bando mchana kweupe.

Joto letu. Haina feni, kwa hiyo kwenye jua la Nyali inapunguza mwendo yenyewe ili ipoe. Isiachwe ndani ya gari. Inayokaa kwenye chaja siku zote, dukani au mapokezi, ingia UEFI uwashe Battery Limit, itasimama asilimia 50 na betri itachelewa kuvimba. Ukitoka chumba chenye AC, iache ndani ya begi robo saa kabla hujaiwasha nje. Chuma kilichopoa kikikutana na unyevu wa pwani hutokwa jasho, na vipini vya kibodi ndivyo vinavyoanza kuota kutu. Kibodi ikianza kukatika-katika, zima, chukua pamba na spiriti ya isopropili, futa vipini pande zote mbili, subiri dakika tano. Maji ya bomba, hapana.

Usiku usiilaze, izime. Ikilala, inakunywa chaji polepole, na ile njia ya kuhifadhi kila kitu kwenye diski na kuzima haipatikani Secure Boot ikiwa imewashwa.

Wiki ijayo ni paneli ndogo za sola za kuchajia, kengele mnaijua ilipo. Na kalamu! Kalamu ya Surface inaandika vizuri ndani ya Xournal++, programu ya kuandikia kwa mkono, hata mkazo inauhisi, ila betri yake ni AAAA. A nne, si tatu. Anayejua duka la Mombasa lenye hizo atuandikie hapo chini, na bei.