Chupa ya siku tatu: mwaka wangu wa kutafuta mvinyo wa kila siku

Chupa ya mvinyo ni mililita 750, yaani glasi tano hivi za kawaida. Nyumbani tuko wawili na kila mmoja hunywa glasi moja jioni, basi. Kwa hesabu hiyo chupa yetu hukaa wazi siku mbili, mara nyingi tatu. Sifa za mvinyo ninazozisoma karibu zote husifia lile funda la kwanza, kizibo kikiwa ndio kimetoka. Lakini mimi nimelipia pia glasi ya Jumatano, ya chupa iliyofunguliwa Jumatatu, na hiyo hakuna anayeniambia itakuwaje. Ndipo nilipochukua daftari, nikajiwekea bei ambayo hata chupa ikinikatisha tamaa silali na kinyongo, nikaanza kuandika: siku ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Kabla ya hapo nilikuwa nachagua kwa macho. Chupa nzito, shimo refu kitakoni, lebo yenye ngome na maandishi ya dhahabu, nikiishika najiona nimeshika kitu. Uzito ule ni wa kioo tu, na kioo nakilipia mimi. Neno "Reserve" nalo lilikuwa likiniteka. Hispania neno Reserva lina sheria nyuma yake: mvinyo mwekundu wa eneo la Rioja hauitwi hivyo mpaka utimize miaka mitatu, angalau mmoja ndani ya pipa la mwaloni. Crianza ni miaka miwili, Gran Reserva mitano. Katika nchi nyingi nyingine neno hilo ni pambo, mtengenezaji hulibandika apendavyo. Siku hizi nikiwa na hamu ya ladha ya mwaloni nachukua Crianza, maana kazi ya kuusubirisha mvinyo imeshafanywa na mwingine, na bei yake bado ina huruma.

Lebo za Ulaya zilinichezea zaidi. Wafaransa wengi huandika jina la mahali, si la zabibu. Miaka mingi nimekuwa nikitangaza kwamba Chardonnay, zabibu nyeupe, siipendi, huku Chablis, yenye jina la mahali, naisifia kila ninapoionja. Chablis yote ni Chardonnay! Kumbe nisichokipenda ni ule mwaloni mwingi ambao baadhi ya watengenezaji huupakia juu yake. Waitaliano nao wana Montepulciano d'Abruzzo, ambamo Montepulciano ni aina ya zabibu, na Vino Nobile di Montepulciano, ambamo Montepulciano ni mji wa Toscana na zabibu yake kuu ni Sangiovese. Nilizinunua zote mbili nikidhani ni ndugu, ya pili mkubwa na ya kwanza mdogo. Hata ukoo hawana. Ile ya Abruzzo, iliyokuwa ya bei ya chini, ndiyo iliyorudi mezani mara nyingi: nyekundu nzito, haina makuu, na siku ya pili ilikuwa vilevile.

Daftari likaanza kuonyesha mpangilio. Hewa ikiingia chupani, mvinyo huanza kupoteza harufu ya matunda, na ukiachwa muda mrefu huelekea kuwa siki. Tanini, yaani ule ukakasi unaokausha ulimi, na uchachu huuchelewesha mwendo huo. Kwa hiyo chupa inayokuchekea mno jioni ya kwanza si lazima ikuvushe hadi ya tatu.

Beaujolais, nyekundu ya Ufaransa ya zabibu ya Gamay, ilinifurahisha kuliko zote siku ya kwanza, hasa nilipoipoza kidogo kwenye friji. Siku ya tatu ilikuwa imelala. Côtes du Rhône, nyekundu nyingine ya Ufaransa, ilifanya kinyume chake: Jumatatu ilikuwa imekunja uso, Jumanne ukakasi umelegea na harufu ya pilipili manga imejitokeza, Jumatano tukagombea tone la mwisho. Nilirudia na chupa mbili zaidi za watengenezaji tofauti, na moja tu ndiyo iliyoniangusha.

Malbec ya Argentina inapendwa sana, nami sina ugomvi nayo, ila zile za bei ya chini kabisa nilizopata zilikuwa na utamu wa vanila uliogeuka jamu kufikia siku ya pili. Carménère ya Chile ninaipenda kwa ukaidi wake. Kwa miaka mingi Wachile waliidhania kuwa Merlot, zabibu nyingine nyekundu, mashambani, hadi mtaalamu wa Kifaransa Jean-Michel Boursiquot alipoitambua mwaka 1994. Ina harufu ya pilipili hoho ambayo haitoki hata siku ya tatu. Mwenzangu haivumilii, basi chupa hiyo huwa yangu peke yangu, siku tano.

Kwa mvinyo mweupe mshindi wangu ni Chenin Blanc ya Afrika Kusini. Nchi hiyo ina mizabibu ya Chenin mingi kuliko hata Ufaransa ilikotoka, na huenda wingi huo ndio unaoifanya bei isiwe na majivuno. Uchachu wake hauchoki, siku ya tatu bado unapiga. Muscadet, nyeupe ya Ufaransa, iliyoandikwa "sur lie", maana yake imelazwa juu ya mashapo ya hamira, inaifuata kwa karibu. Vinho Verde ya Ureno ni tamu kwa roho siku ya kwanza, lakini vile vipovu vyake vidogo haviamki nayo kesho yake. Hiyo nawawekea wageni.

Tukitaka mapovu ya kweli, shampeni hainihusu siku ya kazi. Cava ya Hispania na Crémant ya Ufaransa hutengenezwa kwa njia ileile, mapovu yanazaliwa ndani ya chupa yenyewe. Hapo ndipo nilipojifunza kununua jirani wa mwenye jina. Anayetaka Sancerre, nyeupe yenye jina, aulize kwanza Sauvignon Blanc ya Touraine: zabibu ile ile, bonde lile lile la mto Loire.

Mwezi wa nne nilipata chupa iliyonuka boksi la karatasi lililolowa. Nikairudisha. Muuzaji akainusa, akaniambia ndivyo mvinyo wenye hadhi unavyonuka. Sivyo. Ni dosari inayotokana mara nyingi na kizibo chenyewe, kemikali iitwayo TCA, na haiondoki hata uisubiri wiki. Pesa sikurudishiwa. Tangu siku hiyo kifuniko cha kusokota hakinitishi. Kundi la watengenezaji wa Riesling, mvinyo mweupe, wa Clare Valley, Australia, lilikihamia kwa pamoja mwaka 2000, na hao si watu wa mvinyo wa ovyo.

Sasa niseme la boksi, ambalo nililidharau mpaka mwezi wa saba. Lita tatu, sawa na chupa nne, ndani ya mfuko wenye bomba. Ukimimina, mfuko unasinyaa na hewa haipati nafasi ya kuingia. Wazo la kuuza mvinyo kwenye mfuko ndani ya boksi ni la Thomas Angove wa Australia, mwaka 1965. Tulilinywa siku kumi na mbili na glasi ya mwisho sikuitofautisha na ya kwanza. Chupa gani ingeweza hilo? Udhaifu wake ni kwamba chaguo ni chache, na si la kuweka akiba, kwa kuwa mfuko hupitisha hewa polepole hata kabla ya kufunguliwa. Tazama tarehe kabla ya kununua. Wageni wakija namimina kwenye jagi kwanza, nakiri.

Ambaye hataki boksi afanye ninavyofanya sasa: ukifungua chupa, kabla hata hujajimiminia glasi, jaza kichupa cha mililita 375 mpaka shingoni, kifunge, kitie friji, hata kama ni mwekundu. Pampu ya kunyonya hewa niliinunua na sasa imelala kwenye droo.

Jambo la mwisho lilikuwa mchezo. Niliwahi kusoma jaribio lililochapishwa mwaka 2001, ambapo wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo wa Bordeaux walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu, wakaueleza kwa maneno ya mwekundu. Nikavisha chupa tatu soksi, moja ikiwa ya bei mara tatu ya nyingine. Mwenzangu akaiweka ile ya ghali ya mwisho. Nilipobadilishana naye zamu, mimi niliiweka ya kwanza, nikajisifu sana, kisha akaniambia soksi yake ilikuwa na tundu na nilikuwa nikiiangalia lebo muda wote.

Wiki hii ni zamu ya Monastrell, zabibu nyekundu, ya Jumilla, Hispania. Jana ilikuwa kali, nikaipa alama ndogo kwa penseli. Kichupa kiko friji, kalamu ya wino naitoa kesho, siku ya tatu.